Daktari Aliyesema ni Kiharusi

Koti lake jeupe lilikuwa la mtumba, na kifuani lilikuwa na jina la mtu mwingine lililotariziwa kwa uzi wa buluu, jina la Kizungu ambalo hakuna mtu Old Korogwe aliyeweza kulitamka. Mtu mwingine angelifumua. Yeye alilipiga pasi.

Alikotoka, nani alimzaa, nani alimfundisha kazi, sijui, na sidhani kama ningemjua zaidi kwa kuambiwa. Nilimjua kupitia ukuta. Mgahawa wangu wa chai na chapati ulikuwa chini ya bati moja na duka lake la dawa, na ukuta uliotutenganisha haukufika juu, kwa hiyo kila alichomwambia mgonjwa nilikisikia nikiwa nasukuma chapati. Nilisikia kwa miaka mingi. Jina lake silitaji. Watu walimwita Daktari na yeye akaitika, basi nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa kila nikilitamka neno hilo kwa ajili yake ulimi unaona haya.

Kibali chake kilimruhusu kuuza dawa za maumivu, za minyoo, pamba, mafuta ya kuchua na vitu vya aina hiyo. Basi. Lakini nyuma ya pazia la maua alikuwa na kitanda, na juu ya kitanda shuka, na pembeni ndoo ya maji yenye kifuniko, na mtu akishaona kitanda, shuka na ndoo haulizi tena kibali. Alilaza watu pale. Aliwagonga tumbo kwa vidole viwili kama anayechagua nazi sokoni, akainamisha kichwa, akasikiliza, halafu akasema, "Mm." Ile "mm" yake ndiyo iliyowamaliza. Mama mzima na akili zake, anayejua kuchagua mbegu za mahindi kwa kuziuma, akisikia ile "mm" alikabidhi mwili wake wote.

Kwake yeye mwili ulikuwa umeme. Kichwa kikiuma, waya imelegea. Mgongo ukiuma, waya zimegusana. Mtoto akiharisha, kuna shoti. Nimemsikia akimweleza mwalimu wa sekondari, mtu aliyesoma mpaka akaota mvi, kwamba figo ni fyuzi, na mwalimu akajibu, "Kumbe!"

Kitu kimoja hakukiuliza hata mara moja katika miaka yote ile ya mwanzo: unatumia dawa gani nyingine? Hakumuuliza mjamzito, hakumuuliza mzee wa presha, hakumuuliza mwenye sukari. Na dawa alizotoa hakuziacha kwenye pakiti zake. Alizitoa moja moja, akazitia kwenye bahasha ndogo za kaki, na juu ya bahasha aliandika asubuhi, mchana, jioni, wala si jina la dawa. Nilimuuliza kwa nini. Akacheka.

"Mama Shabani, ukishamwambia mtu jina la dawa, kesho anakwenda kuinunua kwa mwingine."

Alisema hivyo akiwa anachovya andazi kwenye chai yangu, wala hakupunguza sauti.

Yeye mwenyewe akiumwa alifunga duka na kupanda basi kwenda Tanga. Aliaga kwamba anafuata mzigo. Alirudi amepauka, mkononi ana plasta pale walipomtoa damu, na kesho yake alikuwa tena nyuma ya pazia akiwaambia watu kwamba hospitali ni kupoteza muda. Sindano aliziogopa kama mtoto. Siku moja alijichoma kidole kwa bahati mbaya akifungua sindano ya mteja, akakaa kwenye benchi langu akitetemeka, akaomba maji ya sukari.

Ningefurahi kama angekuwa mchoyo au mkali. Kazi ya kumdharau ingekuwa nyepesi. Lakini kwenye misiba alikuwa wa kwanza kushika koleo. Mabibi wasio na kitu aliwapa dawa bure na kuwashika mkono kuwavusha barabara. Aliyakumbuka majina ya watoto wa watu wote, aliyemaliza shule, aliyevunjika mguu, aliyeolewa Mnyuzi. Msambaa alimsalimu kwa Kisambaa, Mzigua mwenzangu kwa Kizigua, na Wamasai waliokuja na ng'ombe kutoka huko Handeni kwenye nyika kavu aliwasalimu kwa Kimasai, kila mmoja kwa salamu ya rika lake. Mtu anayekusalimu kwa lugha ya mama yako hawezi kukudhuru; ndivyo watu walivyoona. Mimi niliona mtu aliyejifunza salamu za makabila matatu lakini hakujifunza kusoma karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa.

Sasa niseme la mdogo wangu.

Mwanahawa ameolewa Mnyuzi, na mume wake, Athumani, analima mahindi na machungwa karibu na reli. Mimba yake ya kwanza ilimtesa kwa kutapika. Hata harufu ya maji ya mchele ilimtapisha. Akaja kukaa kwangu apumzike, na mimi nikamwambia twende kliniki kesho nikishafunga. Hakungoja kesho. Nilipokuwa nimekwenda kuchukua unga, alipita upande wa pili wa ukuta, na Daktari akampa bahasha ya kaki yenye vidonge vidogo vyeupe.

"Kila ukitapika, meza," alimwambia.

Kila ukitapika! Mtu anayetapika tangu alfajiri mpaka jua linazama! Mwanahawa ni mtiifu. Alitapika, akameza. Akatapika, akameza. Kesho yake kutapika kulipungua kweli, na Daktari alipita mgahawani akamwona anakunywa uji, akanitazama kwa jicho la ushindi.

Ilikuwa mchana wa siku hiyo hiyo, watu wa chakula wamejaa. Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni ananimenyea vitunguu. Nikasikia kisu kimeanguka. Nilipogeuka, taya lake lilikuwa limekwenda upande mmoja, mdomo umepinda, ulimi unasukumwa nje kama si wake. Shingo ikaanza kugeuka polepole, ikageuka mpaka kidevu kikakaa juu ya bega, na macho yakapanda juu yakaganda huko. Alitaka kuniita. Kilichotoka ni sauti ya mtu aliyejazwa pamba mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, kwa hiyo nilijua yumo, anasikia, anajua kinachomtokea.

Nilipiga kelele. Watu wakaingia jikoni, na mbele yao wote Daktari, koti limefungwa vifungo vyote.

Alimwinamia. Akamgonga shavu kwa vidole viwili.

"Mm," alisema. "Kiharusi. Upande wa kushoto umekufa."

"Binti mdogo hivi?" nikauliza.

"Siku hizi hakichagui. Waya kubwa ya kichwa imekatika. Mlazeni hapo kwangu, msimtikise. Na zile dawa zake za kutapika mzidishieni, maana akitapika amelala atapaliwa."

Akatoa bahasha nyingine ya kaki mfukoni, kama mtu anayetoa pipi.

Athumani alikuja kwa bodaboda, matope ya shambani yangali miguuni. Aliingia, akamwona mke wake, akakaa chini sakafuni pale pale kati ya maganda ya vitunguu. Alikuja na shangazi yake, na shangazi akawa tayari ameshaamua. Huyu ana mkono wa mtu, alisema, apelekwe kwa mtaalamu fulani Handeni anayeyajua mambo hayo. Na kama ni kiharusi kweli basi arudishwe Kwedizinga kwa mama yetu akatunzwe huko, kwa sababu mwanamke aliyepooza hazai salama. Alisema haya yote juu ya kichwa cha Mwanahawa, na Mwanahawa anasikia.

"Shemeji," nilimwambia Athumani, "inuka. Tunakwenda hospitali."

"Daktari amesema asitikiswe, dada."

"Daktari gani?"

Nilitoka barabarani nikasimamisha bajaji mwenyewe. Daktari alisimama mlangoni kwake akitikisa kichwa kwa huruma, akawaambia watu, wala hakuniambia mimi, "Atamfia njiani. Lakini ni damu yake, nani atamzuia?"

Hospitali tulimkuta mganga wa zamu, dada mmoja mwembamba, sauti yake ndogo. Hakusema "mm". Alimshika Mwanahawa mikono yote miwili akamwambia, "Nibane vidole." Mwanahawa akabana mpaka yule dada akatabasamu kwa maumivu. "Inua mikono. Inua mguu huu. Na huu." Vyote vikainuka. Akatutazama.

"Nani amewaambia ni kiharusi?"

Nikamwambia kuna mtu.

"Kiharusi mara nyingi kinalegeza, mama. Upande mmoja unakosa nguvu. Huyu hajalegea mahali popote, amekakamaa. Amekunywa dawa gani?"

Athumani akafungua fundo la khanga ya mke wake, akatoa bahasha. Yule dada aliviweka vidonge kwenye kiganja, akavigeuza, akavitazama kwa makini, akauliza alivyokuwa akivimeza. Nilipomwambia "kila akitapika", alifumba macho kidogo.

"Hizi ni za kuzuia kutapika," alisema. "Ni dawa nzuri zikitolewa kwa kipimo. Zikizidi, na wakati mwingine hata zisipozidi, hasa kwa vijana, zinaweza kuikamata misuli ya uso na shingo ikajikunja hivi. Mtu akimwona anadhani kiharusi, au jini. Acheni hizi kabisa."

Akampiga sindano. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile na sitarajii kukiona tena. Tulikuwa tumesimama tu, Athumani ameshika miguu ya mke wake, na macho ya Mwanahawa yakashuka, yakatutafuta, yakatupata. Shingo ikalegea. Taya likarudi mahali pake, polepole, kama mlango unaofungwa na mtu mpole. Akafunga mdomo, akameza mate, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Dada, vitunguu vinaungua."

Athumani alilia kwa sauti, mwanamume mzima. Shangazi yake alitoka nje.

Yule dada alitukalisha kabla ya kutuaga, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu ndiyo niliyokuja kuyapigia kelele baadaye bila kusikilizwa. "Msitoke hapa mkasema kila uso ukipinda ni dawa. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, mtu aje mbio, saa hiyo hiyo. Kutofautisha ni kazi yetu. Mkikaa nyumbani kubahatisha, kama ni kiharusi cha kweli, ubongo unakufa mkiwa mnabishana." Nilimuuliza ile sindano inaitwaje, naye akaniambia.

Nilirudi na yote hayo mpaka kwenye kaunta ya Daktari. Nilimwambia mbele ya wateja wake: si kiharusi, ni vidonge vyako. Nilingoja abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi njia nzima. Aliweka kikombe chini, akainua mikono, akasema, "Alhamdulillahi! Amerudi?" Na uso wake ulifurahi kweli kweli. Alitaka kwenda kumwona. Hakuona haya hata kidogo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba aibu haimo ndani yake, kama mtu aliyezaliwa bila jino fulani.

Wiki haikupita, kisa kikawa chake. Nilikisikia kupitia ukuta. "Yule mdogo wake mama wa chapati, uso ulikuwa umegeuka mpaka mgongoni. Wengine wakasema kiharusi. Mimi nikasema hapana, hiyo ni dawa." Niligonga ukuta kwa mti wa kusukumia chapati. Upande wa pili wakacheka, wakidhani namshangilia.

Na kwa kuwa mtu wa aina yake akijifunza kitu kimoja hukitumia kwa kila kitu, ile "waya" ikafa, ikazaliwa "sumu ya dawa". Mguu ukifa ganzi, sumu ya dawa. Bibi akisahau jina la mjukuu, sumu ya dawa. Akaanza kutangaza kwamba anayo sindano ya kurudisha uso. Watu walitoka mbali kuja kuichoma, wenye nyuso zilizonyooka kabisa.

Mzee Lemayani alikuwa Mmasai wa nyika za Handeni, mteja wangu wa siku za mnada. Alikunywa chai ya maziwa kimya, ameweka fimbo kati ya magoti, na mara zote alikuja na binti yake, Nasieku, aliyekuwa macho yake mjini. Presha alikuwa nayo, na dawa zake alizipata hospitali, akazimeza vizuri. Siku ile kikombe kilimtoka mkononi. Hakikuanguka kwa kishindo. Kilimteleza tu, na mkono ukabaki pale pale mezani, umelala kama kitu kilichosahauliwa. Chai ikamwagika mapajani na hakushtuka. Nikamtazama usoni. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka, shavu limening'inia, mate yanatoka. Nikaushika ule mkono, nikasema, "Mzee, nibane." Haukubana. Ulikuwa mzito na laini.

"Nasieku, huyu ni wa hospitali, sasa hivi," nikasema, na nikamwita kijana wa bajaji aliyekuwa anakula kwenye meza ya pembeni. Akainuka na chapati mdomoni.

Daktari alikuwa ameshaingia.

Alimsalimu Nasieku kwa Kimasai. Yule binti aliyekuwa anatetemeka akaitika, na nikaona mabega yake yakishuka. Daktari akamuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu, "Baba anameza dawa za presha?" Ndiyo, Daktari. "Mm. Sumu ya dawa. Ziache hizo kabisa. Namchoma sindano, anakaa hapa ndani kwangu mpaka jua lipungue, anarudi nyumbani kwa miguu yake."

"Usimguse," nilisema. "Huyu amelegea! Mwanahawa alikakamaa, huyu amelegea, huoni?"

"Muulizeni mwenyewe," Daktari aliwaambia watu, akinionyesha kwa kidole kwa upole. "Mdogo wake mimi ndiye niliyemrudisha."

"Mwongo! Ulisema amekufa upande!"

Watu walininyamazisha. Mama, punguza sauti mbele ya mgonjwa. Mama, acha wivu wa majirani. Nilimshika Nasieku mkono nikamwambia kila alichoniambia yule dada wa hospitali, ubongo unakufa mkiwa mnabishana, na Nasieku alinitazama, akamtazama Daktari, na nikaona anachagua. Alimchagua aliyemsalimu kwa lugha yake. Simlaumu. Bajaji niliyoiita, Daktari aliipungia mkono iondoke, ikaondoka.

Walimpeleka hospitali jua lilipopungua kweli, maana kufikia hapo Mzee Lemayani alikuwa hasikii akiitwa. Hakufa. Mpaka leo yuko hai, kwenye boma lake, upande wa kulia hauna kazi, na neno alilobakiwa nalo ni moja, jina la ng'ombe, ambalo analitumia kwa maji, kwa njaa na kwa kumwita binti yake. Hospitali walimwambia Nasieku kwamba wangekuja mapema pengine lisingefika hapo. Pengine. Hawakumwahidi. Daktari alikwenda kumtembelea wodini na chupa ya maziwa, akakaa kitandani, akamshika ule mkono uliokufa, na watu walisema, tazama alivyo na utu.

Nilimshtaki, na sikujificha. Wakaguzi walikuja, wakainua pazia la maua, wakaona kitanda, wakaona masanduku ya sindano, wakafunga duka. Kabla ya kuondoka alinipitia kuniaga. Alinywa chai. Hakunitukana. Walionitukana ni majirani, na kwa muda mrefu benchi zangu zilikaa tupu, kwa sababu nilikuwa nimewafukuzia daktari wao.

Mwaka huu nilikwenda Kwedizinga kumwona mama. Anasumbuliwa na magoti, na mara tu nilipoketi akaniambia kuna daktari mzuri amefungua karibu na mashine ya kusaga, anagawa dawa, hana makuu. Nilijua kabla hajamaliza. Nilichukua ushungi nikaenda.

Benchi lilikuwa limejaa. Alikuwa amezeeka, meno ya mbele yamepungua, lakini sauti ni ile ile. Aliponiona aliwaacha wagonjwa wake akaja na mikono miwili mbele.

"Mama Shabani! Karibu, karibu. Mtoto wa Mwanahawa ameanza shule?"

Ameanza, nilisema. Nilikuwa na mengi ya kusema na nilianza kuyasema, lakini alinivutia ndani, akashusha pazia, akaangalia nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anaona haya, au kitu kilichofanana na haya.

"Kuna jambo nimetaka kukuuliza siku nyingi," alinong'ona. "Ile sindano waliyompiga mdogo wako. Inaitwaje?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa.

"Mzee Lemayani ulimchoma nini?"

"Vitamini," alisema, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. "Sikuwa na nyingine."

"Na hawa wa hapa?"

"Hiyo hiyo. Ndiyo maana nakuuliza."

Nilimwambia jibu ni moja, awapeleke hospitali. Alipunga mkono. "Hilo nalijua, Mama Shabani. Mimi nataka la sindano." Nikageuka kutoka. Akanishika upindo wa ushungi, kwa adabu, kama anavyoshikwa mtu mzima.

"Hata herufi ya kwanza tu. Zilizobaki nitatafuta mwenyewe."

Nilijinasua nikatoka nje. Jua lilinipiga machoni, nikasimama pale nimeshika ukuta, napumua. Waliokuwa kwenye benchi walinitazama kwa huruma. Bibi mmoja alisogea, akanipisha nafasi ya kukaa.

"Pole, mwanangu. Umeshachomwa?"

Nikawaambia wainuke, waende hospitali, wote, leo hii. Hakuna aliyeinuka. Bibi akanipapasa goti.

"Usiogope," alisema. "Mkono wake mwepesi."